Jina la Mmea wa Ukutani

Kila nikikata mmea wa ivy uliotambaa kwenye ukuta wa nyuma, majani yake huniachia harufu kali mikononi, na wivu wangu wote hurudi palepale.

Nilikuwa na miaka saba hivi, na tuliishi Handsworth, huko Uingereza. Mama alirudi kutoka hospitali na mdogo wangu, amefungwa kwenye blanketi jeupe, akasema anaitwa Ivy. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na jina hilo lilikuwa limeniangukia mimi. Walimu walilitafuna kila asubuhi wakiita majina. Huyu mchanga akapewa jina la Waingereza wenyewe, walilokuwa nalo wasichana wawili darasani kwangu!

"Ni mmea usiokauka hata theluji ikianguka," mama alinieleza, akimbusu yeye, si mimi.

Jioni baba alitoka kazini, akaniita kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake mzazi.

"Mama, umeshindaje?"

Nikamfokea kwa Kiingereza kwamba mimi si mama yake, na mimi pia aniite Ivy.

Alisimama na kofia mkononi. Kisha akainama, akanitazama usoni, akasema taratibu, "Haya, Ivy."

Nilifurahi mno. Nilikimbia chumbani kumringia mtoto wa siku tatu.

Hadi tunamzika baba, hakuniita Mama tena.