Siku Nilipomuua Tonton kwa Sababu ya Paka

Kabla ya yote niseme gharama, maana aibu bila gharama watu hawaielewi: jambo hili limenimalizia paka mmoja, mbegu za mjane mmoja, na heshima yote niliyokuwa nayo kwenye avenue yetu hapa Kadutu (haikuwa nyingi, lakini nilikuwa nimeizoea). Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara zote mbili mwenye kosa anatokea kuwa mtu yule yule, na ndiye anayewaandikia.

Wanaonijua wanajua kazi yangu ni kuuza viatu vya balo, yaani mitumba, na mteja akitoka kwangu anacheka, ujue siku hiyo sikufanya kazi vizuri. Mambo ya paka yaliingia tu. Panya walikuwa wanakula ngozi za viatu, nikaleta paka, paka akazaa ndani ya buti, watu wakaanza kuomba watoto wake, na tangu hapo mtu yeyote akiokota kapaka katika mtaro ananiletea ndani ya katoni: "Papa Esther, weye uko na roho ya paka." Mimi ninalalamika, halafu ninapokea. Ninawalea kwa sambaza, dagaa wa ziwa letu (za jana, bei ya leo siiwezi) hadi wajue kula wenyewe na kukamata kitu, kisha ninawagawa. Siuzi, lakini anayetaka paka kwangu anaulizwa maswali mengi kuliko mtu anayeomba kuoa. Siku ya kumtoa ninamtia kikapuni, ninasema "haya, nenda," halafu ninageuka kupanga viatu ambavyo vimekwisha kupangwa. Ndivyo ninavyoaga. Mke wangu anajua.

Safari hii walikuja wanne. Watatu walitoka bila shida. Wa nne nilimwita Duane, yaani forodha, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mlangoni kwetu, samaki, nyama, hata mkate wa chai, bila yeye kuchukua sehemu yake, tena bila risiti. Alikuwa analala ndani ya kiatu changu cha kushoto, na asubuhi nilimngoja aamke ndipo nivae, mimi ambaye sijawahi kumngoja mteja.

Duane alikuwa ameahidiwa Maman Nsimire, mjane wa kijiji cha Miti. Tulijuana siku aliponunua kwangu viatu vya kumzikia bwana wake. Nilimpunguzia kidogo tu, yeye akakumbuka kama nilimpa bure. Panya walikuwa wameingia kwenye mbegu zake za maharagwe, gunia moja wamelimaliza, la pili limebaki nusu, na mvua za kupandia zilikuwa karibu. Mara mbili alikuja kumchukua paka wake, mara mbili nikamwambia bado mdogo. (Hakuwa mdogo. Alikuwa amekwisha kukamata panya mwenye ukubwa wa sandali ya mtoto.)

Jumamosi saa moja asubuhi akanipigia simu: "Papa Esther, niko natoka sasa, nakuya kubeba paka yangu. Panya ziko zinanimaliza." Nikamtazama Duane ndani ya kiatu, amelala chali, mguu mmoja juu, na mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Maman, usikuye leo. Tuko na kilio."

"Yesu! Nani alikufa?"

Hapo nilihitaji maiti, tena haraka. Nikamchagua tonton Museme, mjomba wangu, mdogo wa mama yangu, anayechimba dhahabu Shabunda. Nilimchagua kwa akili: Shabunda ni mbali, barabara ni jina tu, nani ataenda kuhakikisha? "Ni tonton Museme," nikasema. "Shimo lilimuangukia." (Shimo sikuulizwa. Nililiongeza kama matabishi anayopewa mnunuzi bure.)

"Pole sana, Papa." Akakata. Nikahesabu: nimepata siku kadhaa na Duane, na sijatoa kitu.

Kumbe nilisahau ninasema na mtu wa namna gani. Ilipofika saa nne nikasikia wimbo unapanda ngazi za avenue. Maman Nsimire mbele, nyuma yake wamaman watano wa shirika lake la kanisa, rozari mkononi, na mmoja amebeba mfuko kichwani. Maharagwe. Walikuwa wameteremka kutoka Miti na vumbi lote lile ili kulia pamoja na mimi.

Jirani yangu Papa Deo akatoka kwake na kijiko mkononi. "Papa Esther! Unafiwa na hautuambie? Siye tuko wanyama?"

Pale mlango wa kutoka katika uongo ulikuwa bado wazi. Mwenye akili angesema ukweli, angechekwa nusu saa, na mambo yangeisha. Mimi nilikaa chini nikaweka mkono shavuni. Papa Deo akaleta turubai na viti, avenue ikajaa, na mzee mmoja wa kanisa akaniomba niseme marehemu alikuwa mtu gani. Nikasimama nikasema alikuwa mtu wa watu, mkono wake ulikuwa wazi (tonton Museme hajawahi kumnunulia mtu hata karanga), na wakati huo Duane, niliyemfungia chumbani, alikuwa analia kwa sauti nyembamba, nikafikiri kwamba hata nikidanganya namna gani, siku moja lazima ataondoka kwangu, na machozi ya kweli yakanishuka. Wamaman wakaongeza wimbo. "Alimupenda sana," nikasikia mmoja ananong'ona.

Ndipo mke wangu akarudi kutoka sokoni. Akaona turubai, akasikia nyimbo, na kwa kuwa nyumbani alikuwa ameniacha mimi peke yangu, akatupa beseni: "Bwana yangu weee! Bwana yangu!" Nyanya zikateremka ngazi moja moja. Nikakimbia kumshika. Akanipapasa uso, akanipapasa mikono, halafu akakaa chini pale pale. Hilo ndilo jambo ambalo usingizini bado ninaliona.

"Basi ni nani?" akauliza.

"Ni tonton yenu wa Shabunda," Maman Nsimire akamwambia kwa upole, amemshika bega. "Jikaze, mama."

"Tonton Museme? Si nilisema naye asubuhi hii, mu njia ya soko? Anaomba bote za mvua, za kuvaa mu shimo." Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Rezo ya simu kwetu hukosa kila siku. Siku hiyo ilikuwa safi.

"Allo, Maman Esther!" marehemu akasema. "Bote yangu ilipatikana? Namba quarante-trois, usisahau!"

Mke wangu alikwenda kufungua chumba, na Duane akatoka mkia juu, akapita katikati ya waombolezaji, akaenda kunusa mfuko wa maharagwe. Papa Deo alicheka hadi akashika mti wa turubai. Wote walicheka, hata yule mzee wa kanisa.

Maman Nsimire hakucheka. "Papa Esther," akasema polepole, "ungeniambia tu kama unamupenda. Ningetafuta ingine."

Afadhali angenitukana. Nilimkimbilia hadi chini ya ngazi, paka mkono huu, mfuko mkono huu, akakataa vyote viwili. Kilicholetwa kwenye kilio hakirudi na aliyekileta, na mtu hatoki kwenye kilio na kitu mkononi. Kwao ni hivyo, kwetu ni hivyo. Wakaondoka bila wimbo. Mke wangu ndiye aliyefungua mfuko. "Hizi si za kula," akasema. Zilikuwa mbegu, zimechaguliwa moja moja na kupakwa majivu. Katika ile nusu gunia iliyobaki, alikuwa amemkatia fungu tonton wangu, mtu asiyemjua.

Jumatatu nilikwenda Miti. Maman Nsimire alimpokea paka, alimhitaji. Akafungua kikapu, Duane akanusa hewa, akaingia moja kwa moja ghalani. Nikasema "haya, nenda," lakini alikuwa amekwisha kwenda, na pale hapakuwa na viatu vya kupanga. Mbegu nazo nikazisukuma mbele, akazirudisha kwa mguu. "Hizo ni za tonton yako. Uzichunge mpaka afe kweli." Nikasema nitamnunulia nyingine, akasema yeye hauzi machozi. Nyuma yake niliona shamba: mistari imepandwa hadi katikati, na kutoka hapo udongo mtupu.

Sitamtaja tena mtu kuwa amekufa kabla hajafa, hata kwa paka kumi. Lakini kuapa hakuoteshi kitu. Mfuko uko hapa kwangu, na tonton Museme, aliyekwisha kusikia habari yote, amepiga mara tatu, anasema kama watu walileta kitu kwa kilio chake, kitumwe Shabunda. Ninyi mnaojua desturi kuliko mimi, nisaidieni: mbegu za kilio ambacho hakikuwapo zinarudishwaje? Nimpe padri? Niwape wamaman wa shirika lake? Au niende mwenyewe na jembe Jumapili, yeye akiwa misani, nimalizie ile mistari? Jibuni upesi, kwa sababu mvua imeanza, na maharagwe ya majirani zake yamekwisha kuota.