Uso Nilioulowesha

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilidhani nimeajiriwa na kichaa. Mkuu wa karakana ya kusafisha picha za kale, mama wa Kiingereza mwenye miwani ya kuning'inia, alichukua picha ya karatasi ya karibu miaka mia mbili, akailaza ndani ya beseni la maji kama anayeloweka shati. Nilishika kichwa. Baada ya nusu saa maji yalikuwa rangi ya chai, na karatasi imetakata.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Picha zile zilichapwa kwa bamba la shaba: mchongaji alitoboa vitone, akavijaza wino, akagandamiza karatasi juu yake. Wino huo hauogopi maji. Kinachoogopa maji ni rangi iliyopakwa juu kwa brashi. Kwa hiyo mkuu alitufundisha kugusa kwanza kila rangi kwa pamba yenye unyevu. Pamba ikichafuka, beseni lisahau.

Nilianza kwa kumwaga maji na kufagia, mwisho nikapewa meza yangu. Niliosha makasisi, majenerali na mabwana wenye mashavu manono, wote weupe pe. Mazoea yana taabu.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, nilikuta mezani picha ndogo kama kiganja. Ilikuwa ya mwanamume aliyefunga kitambaa shingoni, na karatasi nzima imekuwa kahawia kwa moshi na uzee. Pamba sikuigusa. Rangi sikuona, niliona uchafu. Nikailowesha.

Maji yalipogeuka kahawia nilifurahi, mjinga mimi. Niliitoa, nikailaza kifudifudi kwenye karatasi nene ya kunyonya maji, kisha nikaigeuza na kuchukua kioo cha kukuzia. Nywele zilikuwa za kipilipili. Pua ilikuwa kama ya marehemu baba yangu. Alikuwa mtu mweusi, na weusi wake, uliopakwa kwa brashi, ulikuwa umebaki majini na kwenye karatasi ya kunyonyea. Nikamwita mkuu.

Mkuu aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama nilijaribu kwa pamba. Nikasema hapana. Hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi.

Mwenye picha alikuwa nesi Mkenya wa mtaa wa Edmonton. Aliinunua sokoni kwa sababu hakuwahi kuona Mwafrika wa enzi zile aliyechorwa kwa heshima hivyo. Niliomba nimweleze mwenyewe, kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, koti hajavua.

"Sasa mzee, ulipoona ile rangi usoni, ulidhani ni nini?"

"Uchafu, dada."

Akaiinamia picha. Kisha akasema, "Hao wengine ningewaelewa. Lakini hata wewe?"

Mkuu alijitolea kutafuta fundi aipake upya. Dada alikataa, akaichukua vile vile, imepauka.

Sikufukuzwa. Nilifanya kazi miaka mingine mingi, na sikuruka pamba tena hata kwa picha isiyo na rangi kabisa. Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Thamesmead, na ile karatasi ya kunyonyea nimeitundika sebuleni. Paji la uso na shavu moja bado vinaonekana. Nikiitazama naona aibu ile ile, haijapungua.

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini nimetundika doa ukutani. Nikamwambia hilo si doa, ni mtu, na mimi ndiye niliyemwosha mpaka akatoka usoni mwake.