Jinsi Nilivyomfundisha Mama Mkwe Baiskeli Bila Kumgusa

Jumapili moja asubuhi, kule Karavia, kando ya maji, mama mmoja mwenye kofia ngumu ya baiskeli alinisimamisha akiwa na karatasi na kalamu. Yeye na wenzake wanataka jiji litenge njia za watu wanaoendesha baiskeli kwa kujifurahisha, basi alikuwa anauliza wapita njia: je, mahali pazuri pa kuendesha pako karibu na kwenu? Nikamwambia natoka Kenya, si nchi bali komini yetu ya upande wa pili wa mji. Akanitazama kwa huruma, kalamu tayari kuandika kwamba ni mbali. Nikamwambia hapana, andika kwamba pako mahali pake kabisa, na kama pangekuwa karibu kidogo tu, mama mkwe wangu asingejua baiskeli mpaka leo. Alidhani namtania. Nilicheka peke yangu njia nzima, na sasa nimekaa niandike, maana karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja tu wa jibu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Naishi Kenya, ambako watu, karakana na makanisa vimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya ndani kwako, ng'ambo ya barabara wanakuombea. Na huku kwetu baiskeli, tunayoiita kinga, ni chombo cha mzigo. Inaleta makala, yaani makaa, kutoka porini, magunia yamepangwa hadi mwenyewe haonekani. Nikipita na yangu tupu, watu wananiuliza makala nimeuzia wapi. Kuendesha kwa raha tu ni mambo ya Karavia, kwenye njia laini karibu na maji.

Mama mkwe alikuja kutoka Kamina kwa komunyo ya kwanza ya binti yetu mdogo. Alileta unga, karanga, na kesi. Marehemu mume wake, mfanyakazi wa reli, aliacha baiskeli nyeusi yenye kengele, iliyotundikwa ukutani sebuleni. Matanga yalipokwisha, mdogo wa marehemu aliita ukoo, akakata shauri: kinga ni ya mtu anayejua kuipanda. Wote wakakubali kwa kichwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mama yule juu ya baiskeli. Shemeji yake huyo akaahidi kuja kuichukua baada ya komunyo. Mama mkwe akajibu "Muzuri," akapanda treni kuja kwetu.

Nilisikia haya yote akimsimulia mke wangu kwenye jiko la mbabula, wanapika. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nikimkimbia yeye mwenyewe.

Lazima nieleze. Sisi watu wa kaskazini ya Katanga tuna mambo ya buko. Mwanamume na mama wa mke wake hawagusani, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Ni heshima kubwa. Kwa miaka ishirini, mama mkwe akiingia sebuleni, mimi natokea jikoni. Tukiwa na neno, tunalipitisha kwa mke wangu, hata tukiwa sote watatu chumba kimoja. "Umuambie bwana yako chai iko inapoa." Nasikia kila kitu, nangoja mke wangu arudie, ndipo nakunywa.

Sasa siku ile kwenye mbabula nikasikia: "Niko nataka kujua kinga mbele ya kurudia Kamina."

"Mama, na ile miaka yako?" mke wangu akasema.

"Miaka haitapanda kinga. Ni miye ntapanda."

"Na nani atakufundisha?"

Mama mkwe akakoroga sufuria, akasema, bila kupandisha sauti: "Si kuko muntu nyuma ya hii ukuta?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini pia, niseme kweli, nilijisikia nimechaguliwa, na moyo ulinirukaruka kama mtoto aliyeitwa ubaoni akiwa anajua jibu.

Kenya haikuwezekana. Dada wa marehemu anakaa avenyu yetu, na simu yake haikosi unite za kupigia. Mama mkwe angeanguka, Kamina wangejua kabla hajajipangusa vumbi. Kwa hiyo Karavia, kwa sababu ya umbali wake. Jumapili baada ya misa ya kwanza, wanawake walichukua taksi, mimi nikaendesha baiskeli, nikavuka mji mzima, mashimo na yote, nikafika nimelowa jasho. Ndiyo, ni mbali. Magoti yangu ni shahidi.

Mama mkwe alishuka taksi na vitenge viwili, kimoja kiunoni na kingine begani. Chini alivaa suruali ya michezo ya mke wangu, ambayo mimi rasmi sikuiona. Mke wangu akashika kiti cha baiskeli. Mimi nikasimama nimeyageukia maji, nikifundisha kwa mgongo.

"Umuambie mama aangalie mbele!"

"Mama, uangalie mbele!"

Neno lilipomfikia, mama alikuwa tayari kwenye majani. Nilijua kwa mshindo. Watu wa kofia ngumu walitupita wakisema bonjour, nami nikaitikia bonjour kwa heshima zote, nikitazama bata.

Jumapili ya pili ilikuwa vilevile, pamoja na goti lililochubuka. Mimi nina hasira za karibu, hilo nalijua. Nilimfokea mke wangu kwamba anashika kiti kama anashika sufuria ya moto. Akanijibu nije nishike mwenyewe basi. Njiani taksi yao iliponipita, niliona mkono wa mama mkwe dirishani, unapiga kengele za hewani kwa kidole gumba.

Jumapili ya tatu ilikuwa ya mwisho, komunyo ilikuwa imepita na treni yake ilikuwa Alhamisi. Safari hii alikuwa anakaribia kabisa. Nilisikia magurudumu yakienda hatua kumi, kumi na tano, kisha mke wangu akaishiwa pumzi. Akakaa kando ya njia, mikono tumboni, anacheka hadi machozi.

"Nimechoka, mama. Miguu yangu imekwisha."

"Lamuka."

"Siwezi!"

Nikageuza shingo kidogo tu. Mama mkwe alikuwa amesimama na baiskeli katikati ya njia, na uso wake haukuwa na mchezo. Akakivua kitenge cha begani, akakifunga kwenye keria, nyuma, mafundo mawili. Akaitupa ncha nyingine chini, mbali naye, akawaambia bata: "Kama kuko muntu yenye iko na mikono, ashike."

Nikashika. Sheria inasema tusigusane, na kitenge si mkono wa mtu. Mke wangu alipiga makofi pale chini. Mama akapanda, mimi nikakimbia nyuma yake nimekaza kitenge, uso nimeupeleka pembeni kwa adabu, na kwa adabu hiyohiyo nikaingia kwenye kichaka. Nikatoka na majani kinywani, bado nimeshika. Akayumba kulia, nikavuta kushoto. Kitenge kilikuwa kinaniambia kila kitu: sasa anaogopa, sasa ametulia, sasa anakanyaga. Halafu nikahisi hanivuti tena kwa woga, ananivuta kwa nguvu. Nikaachilia.

Alikwenda! Mgongo umenyooka, viwiko nje, anakwenda! Nilikuwa narukaruka peke yangu njiani, mwalimu mzima, kabla sijaona ncha ya kitenge ikicheza karibu na spoki za gurudumu la nyuma. Ingeshika, angerushwa juu ya usukani. Mke wangu alikuwa mbali, hakuna wa kunipitishia neno. Nikafungua kinywa.

"Mama! Frein! Ukamate frein!"

Miaka ishirini sikuwa nimemwita. Akakamata breki, akashusha mguu, akasimama. Hakuanguka. Mke wangu akafika anakimbia, na mama mkwe, bila kugeuka, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo: "Kumbe bwana yako iko na sauti muzuri."

Tukacheka wote watatu, kila mmoja akitazama upande wake.

Tulikifungua kitenge, akaendesha tena, akaenda na kurudi mpaka watu wa kofia ngumu wakawa wanamwachia njia. Kisha akamwambia mke wangu kwamba anataka taksi imshushe karibu na parokia yetu, angoje baiskeli ifike, amalizie nayo. Mke wangu akamkumbusha dada wa marehemu. "Njo yeye nataka anione," akasema.

Hivyo Kenya ikamwona. Avenyu nzima, mchana kweupe, kitenge kiunoni, hana gunia wala ndoo. Mafundi waliacha nyundo. Mtu akauliza anauza nini, akajibiwa "Hakuna kintu!" kwa furaha ambayo sijaisikia tena. Dada wa marehemu alisimama mlangoni, mkono tayari kwenye simu.

Ugali haujaiva, Kamina wakapiga. Alikuwa yule shemeji yake, anauliza kama aliyosikia ni kweli. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akachambua majani ya sombe mawili matatu, kisha akasema: "Utie mupepo mu mipira. Niko nakuya."

Alhamisi tulimsindikiza stesheni. Nilibeba mizigo nikitembea nyuma sana, kama inavyopasa. Akamkumbatia mke wangu, akawabariki watoto. Halafu akavua kitenge cha begani, kilekile, bado kina doa la mafuta ya mnyororo. Akashika ncha moja, nyingine akairusha upande wangu.

Nikaipokea. Akaitikisa kwa nguvu, mara mbili, kama watu wanavyopeana mkono. Mke wangu akageuka akatazama injini.

Kitenge ninacho mimi. Safari ile, aliyeachilia kwanza ni yeye.