Muua Simba Aenda Udzungwa

Bariadi haina upungufu wa watu wanaojua kuongea, lakini Mzee Januarius Ndaki alikuwa wa daraja lake peke yake. Ujanani, akichunga ng'ombe upande wa Meatu, alirudi nyumbani na mkia wa simba. Kwa desturi ya Wasukuma wa enzi hizo akazunguka kwa ndugu akicheza ngoma ya simba, na kila boma likamtunza ng'ombe kwa ushujaa wake. Kwamba simba mwenyewe aliuawa kwa mikuki ya wenzake, na yeye akafika mzoga umeshapoa, hilo alilijua mkewe Kwandu, na Kwandu alinyamaza. Mzee akaula ushujaa huo mpaka uzeeni. Pamba ikikosa bei, anasimulia simba. Akikumbushwa zamu yake ya kufagia kigango, anasimulia simba.

Binti yake Precious angeyavumilia yote hayo, ila sasa simba alikuwa amekalia ndoa yake. Method, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, alishaleta posa mara mbili, na mara zote mzee aliishia kumtazama viatu.

"Mwanaume anaogopa vumbi!" alisema. "Binti wa muua simba haolewi na kalamu."

Basi kwaya ya kigango ikaalikwa kuimba Ifakara, na wakakubaliana wakati wa kurudi wapitie Hifadhi ya Udzungwa wauone msitu. Method aliimba besi, Precious sauti ya kwanza. Mzee hakuimba chochote. Alikuwa mlezi wa kwaya, cheo kinachompa mtu kiti cha mbele. Njia nzima Precious alimwomba Mungu awapatanishe wanaume wake hao wawili.

Hifadhini wakakabidhiwa kwa mwongozaji, dada mmoja mpole aitwaye Domitila. Mzee aliitazama miti iliyofunga anga, akasikitika kwa dhati.

"Ardhi yote hii, na hakuna aliyefyeka! Mngelima pamba hapa mngekuwa mbali." Kisha akadai wanyama. Kwao, alisema, ukisimama tu barabarani Lamadi unaona nyumbu mpaka unachoka.

Domitila akamweleza kwamba msituni mnyama husikika kwanza, kuonekana baadaye. Akamwonyesha mbega wekundu wakiruka juu kabisa ya miti.

"Aa, hao ni nyani tu," alisema mzee, kama mtu aliyetengewa ugali bila mboga.

Akatangulia mbele ya kila mtu, mwongozaji akiwemo, akaanza simba wake. Alionyesha kwa fimbo namna ya kumkabili mnyama mkali: unasimama, unamwangalia machoni, hupigi hatua nyuma. Hapo hapo majani makavu kando ya njia yakachakarika.

Mtu wa mbugani amezoea kumwona mnyama angali mbali. Sauti isiyo na mwenyewe ilimmaliza mzee wetu. Alitupa fimbo, akampiga kikumbo Precious hadi binti akaangukia matopeni, na mwenyewe akateremka mlima akimwita marehemu mama yake kwa Kisukuma, "Mayu! Mayu!"

Kwenye majani akatokea sange, kijinyama kisichofika ukubwa wa paka, na pua yake ndefu. Akawatazama wanakwaya, akaendelea kutafuta wadudu wake. Kwaya ilicheka kwa sauti zote nne. Method hakucheka. Alimwinua Precious, akampangusa matope kwa leso yake, na Precious akaona raha moyoni kwamba kwa mtu huyu hajakosea.

Jumapili iliyofuata ndugu walikusanyika kwa mzee, Method naye akiwemo, kusikia habari za safari na jibu la posa. Precious alikaa mkekani akiwa na matumaini. Mtu aliyekimbia sange atamkataaje mwenzake kwa uoga?

Mzee akakohoa, akaanza. Mnyama yule, alisema, alikuwa chui. Mkubwa kama ndama. Aliruka kutoka mtini kumkamata binti, na yeye akamsukuma binti kando, akabaki na chui uso kwa uso.

"Kama mnaona natunga, muulizeni huyu. Alikuwepo."

Wote wakamgeukia Method. Method alimtazama Precious, akamtazama mzee, akarekebisha kola ya shati.

"Ni kweli," alisema. "Bila mzee, leo tungekuwa tunaongea mengine."

"Mnamsikia!" Mzee alisimama, akamshika mkono. "Huyu sasa ndiye mwanaume. Posa nimeikubali!"

Vigelegele vikapigwa. Shangazi Nyanjige akamgeukia Precious kumuuliza, kama inavyotakiwa, kama naye amekubali. Method akamkonyeza, akijiona mjanja. Precious alimtazama mama yake Kwandu, aliyekuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa khanga na macho ameyainamisha chini, kama afanyavyo kila simba anaposimuliwa, na hasira zikampanda. Akasimama.

"Mimi simo," alisema. "Mmependana wenyewe. Oaneni."