Bakuli la Simba na Panya

Watu wakimtaja marehemu Badar Humaidi husema alikuwa mtu wa makaratasi na vyombo vya kale. Ni kweli, ila hawajui alianzaje. Mimi Mama Levina najua, maana nilikuwa jirani yake tangu niolewe mtaa huu, na kwa jambo hilo nilimgombeza miaka kumi na tisa. Mtu usiyempenda huwezi kumgombeza muda wote huo.

Alikuwa na duka la nyuzi na vifungo hapa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Ukutani alitundika masinia na sahani zenye picha za hadithi: sungura na kobe, kunguru na nyama mdomoni, fisi kwenye njia panda. Ndani ya droo aliweka kadi za picha, zile ambazo zamani zilitoka kwenye pakiti za chai. Nyuma ya kila kadi aliandika kwa penseli jina la aliyempa, kijiji chake, na jinsi hadithi hiyo inavyosimuliwa kwao. Ukimletea sahani usiyoijua hadithi yake, haipokei. Anakurudisha ukamuulize bibi yako kwanza. Nilimwambia anafukuza wateja. Akacheka tu, akaendelea kuchonga penseli.

Chanzo cha yote ni bakuli moja la mama yake. Bi Fakhria alikuwa na bakuli jeupe la bati, pembeni limechorwa simba aliyenaswa wavuni, na ndani, chini kabisa, panya anatafuna kamba. Badar na mdogo wake Sheima walinyweshwa uji humo, na Levina wangu pia. Mtoto akisusa, Bi Fakhria alimwambia, "Maliza mpaka panya aonekane." Ukibakiza uji, simba hafunguliwi. Na mtaa mzima tulijua kwamba bakuli lile ni la Sheima, mama yake alishamtamkia.

Bi Fakhria alifariki alfajiri. Sheima alikuwa ameolewa Nzega, yuko njiani anakuja. Mwoshaji, Mama Twalibu, akatoka chumbani akaomba kitu cha kuchotea maji. Badar akili zilikuwa zimemruka. Alinyoosha mkono kabatini, akatoa kilichomjia. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikuona alichotoa, kwa sababu nami nilikuwa nalia. Kwa desturi ya mtaani kwetu, chombo kilichomwoshea maiti hakirudi jikoni. Mwoshaji anaondoka nacho. Mama Twalibu akakifunga kwenye khanga, akaenda zake.

Sheima alifika wameshazika. Akaingia ndani, akafungua kabati, akakuta bakuli halipo, akaambiwa lilikokwenda. Kisha akamwambia kaka yake, "Mama hukuniwekea nimwone, na bakuli nalo umelitoa."

Tangu siku hiyo ikawa salamu tu. Kila Idi alikuja, akamwamkia kaka yake shikamoo kama kawaida, akala, akarudi Nzega. Badar aliumia, nami niliona. Lakini kumwendea mwoshaji ukamdai chombo cha maiti ni aibu kubwa, akawa anaahirisha. Alipopata moyo, Mama Twalibu alikuwa amehama kumfuata mwanawe, na hatukupata mtu wa kutuambia wapi. Ndipo Badar akaanza kuzunguka, Ulyankulu na vijiji vingine, akiuliza kama kuna aliyeona bakuli la wanyama. Watu wakamletea kila kitu isipokuwa hilo. Siku hizo akapokea vyote, maana aliona vibaya kumwambia mtu aliyetoka mbali kwamba silo.

Mwaka juzi mteja kutoka Puge alitazama ukutani, akasema kwao kuna bibi mwoshaji mwenye bakuli la simba. Badar akaniomba nifuatane naye, kwa kuwa ni mambo ya wanawake. Tukaenda.

Mama Twalibu alikuwa amezeeka sana, ila alitukumbuka. Akatoa mfuko anaowekea pamba na kafuri za kuoshea, na ndani yake bakuli. Simba amefifia, na panya amebaki mkia na kichwa. Alitueleza kwamba huku wengine wanafiwa hawana hata kopo la kumpa mwoshaji, basi huwachotea kwa hilo hilo.

"Lakini ni la mama yako," akasema. "Ukilitaka, chukua, mwanangu."

Badar alilishika kwa mikono miwili. Akaliinamia, akalipangusa kwa kanzu yake, akamrudishia. "Liache, mama. Lina kazi."

Nilinuna njia nzima. Nikamwuliza, miaka yote hiyo ulikuwa unatafuta nini, mwanamume wewe? Tulipofika nyumbani alimpigia Sheima simu mbele yangu, akamweleza kila kitu, na mahali bakuli lilipo. Sheima akasema, "Nimesikia," akakata. Siku ile nilimchukia Sheima, sifichi.

Mwaka huu mwezi wa Machi Badar alilazwa hospitali ya Kitete siku sita, ya saba tukamrudisha nyumbani maiti. Wanaume wakataka kuanza kuosha. Mimi ni Mkatoliki, sina kauli katika mambo yao, lakini nilisimama mlangoni nikawaambia kwamba safari hii dada yake anangojwa. Wakangoja.

Sheima alikuja na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Nzega kuja huku unapita Puge, na miaka yote alikuwa akipita hapo, mwanzo bila kujua, kisha akijua na asishuke. Siku hiyo alikuwa ameshuka. Akafungua khanga mlangoni, akatoa bakuli, akasema ameliazima kwa Mama Twalibu na atalirudisha mwenyewe.

"Mwosheeni kaka yangu kwa hili," alimwambia aliyekuja kulipokea. Yule akalishika, Sheima asiliachie. "Na maji ya mwisho msibakize. Mpaka panya aonekane."

Yule mwanamume akanitazama, hajaelewa. Nikamwambia afanye kama alivyoambiwa.