Maneno ya Bibi ya Kubeba

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja na kitabu chake cha Kijapani, akajitupa kwenye kochi akilalamika. Kiingereza, alisema, kina neno moja la kubeba, nalo linatosha. Wajapani wana kitenzi cha kubeba mgongoni, kingine cha begani, kingine cha mtoto wa mikononi, na mwalimu wao hasamehe. "Bibi, kwa nini wasiseme kubeba tu, yakaisha?" Nilicheka, rafiki yangu, lakini alipoondoka nilikaa kitambo bila hata kutoa vikombe.

Mimi pia nilikuwa na neno moja. Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, baba Msambaa, majirani watu wa kila kabila, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuelewana kazini. Kila kitu tulikibeba. Mama alikuwa mtu wa Pangani. Alipofariki, miaka ile ya hamsini, mimi sijaanza shule, baba alinipandisha lori akanipeleka kwa mama yake mama. Baba alikunywa maji, akasema atarudi, akaondoka.

Bibi alikuwa amempoteza binti yake wa pekee, nami kila mtu alisema nimefanana naye. Leo naelewa kwamba kuniangalia kulimuumiza. Wakati ule nilijua tu kwamba hanigusi. Uji alinipa asubuhi, muhogo wa nazi mchana, ila nywele alimwachia jirani anisuke. Mazungumzo yetu yalikuwa kunisahihisha.

"Bibi, nimebeba maji."

"Debe hulibebi. Unajitwika."

Chumvi niliyotumwa kuazima, iliyo ndani ya ngumi, nimeifumbata. Mtoto wa mgongoni anaelekwa. Watoto wa mtaani walinifuata kisimani wakiniiga, "Nabeba! Nabeba!", nikawa naenda kuchota maji jua la utosini, wakati hakuna mtu. Nikirudi nilikaa uani nikisikiliza wenzetu wakikuna nazi na kuzozana, kila nyumba na sauti zake. Kwetu ilisikika mifagio tu.

Siku moja yule jirani alikuwa anateleka wali. "Nipakatie mtoto kidogo," akasema, akanipa kichanga chake, akaingia jikoni. Neno hilo sikulijua, na kuuliza niliona haya. Nikadhani atakuwa anataka mgongoni. Nikachukua kanga yake, nikamfunga kama nilivyoona wengine wakifanya. Sijasimama vizuri, fundo likaachia, mtoto akateleza mpaka mkekani, akaangua kilio.

Jirani alitoka na mwiko mkononi. "Nimekwambia umpakate! Mtoto gani wewe, husikii Kiswahili? Huko kambini kwenu hamna wazazi?"

Bibi alisikia. Alikuja mbio, kichwa wazi bila kujitanda, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada. Alimkagua mtoto kwanza, kichwa, mikono, miguu.

"Hana kitu," akasema. Kisha akamgeukia jirani. "Na huyu naye ni mtoto, mwenzangu. Mama yake yuko kaburini. Kama hajui, ni mimi sijamfunza."

Alinishika mkono mpaka nyumbani. Akakaa kwenye kitanda cha kamba, akanivuta mapajani, miguu yangu mirefu ikining'inia.

"Hivi," akasema. "Huku ndiko kupakata."

Shingo yake ilinukia moshi na mafuta ya nazi. Nilitaka kumuuliza kama mama naye alikaa hapo, lakini nikahisi tone la moto utosini, kisha jingine.

Usidhani tangu siku ile nyumba ilijaa vicheko. Bibi alirudia ukimya wake, ila nywele zangu akawa anazisuka mwenyewe. Nilipoanza kuuzoea mkono wake, baba akaja kunichukua. Alikuwa ameoa. Kule kambini nikasema nimejitwika kuni, nikaomba nimpakate mdogo wangu mpya, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini: "Mswahili wa Pangani kaja!" Nikarudi kwenye neno langu moja.

Bibi alikufa nikiwa shule ya bweni. Barua ilinifikia amekwisha kuzikwa.

Mwaka jana nilipita Pangani. Pale palipokuwa na nyumba yake kuna nyumba nyingine, na barazani walikaa wasichana wawili. Wakaniamkia shikamoo kwa adabu, wakaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?"

"Bibi yangu," nikasema. "Hapa ndipo aliponipakata."