Almasi Isiyotaka Kunyooshwa

Saa mbili na nusu asubuhi, Mavjibhai Sutariya bado hajaligusa jiwe. Gurudumu la chuma linazunguka mbele yake, wenzake watatu wa meza moja wameshainamisha vichwa, na yeye anafuta lenzi yake kwa pindo la shati, ilhali haina vumbi. Chai imepoa. Gathiya, vitafunio vya unga wa dengu alivyofungashiwa na mkewe, hajavionja.

Anaogopa, na wala hafichi.

Jiwe liko kwenye karatasi iliyokunjwa. Ni almasi ya umbo la mto, mraba ulionenepa ubavuni na pembe zake zimeviringishwa. Mafundi wa zamani walizikata hivyo kwa mkono, wakikisia kwa jicho, enzi ambazo pete ilionekana kwa mwanga wa mshumaa. Ndiyo maana hazimeremeti kama almasi za leo. Zinawaka taratibu, kama makaa yaliyopulizwa, na wachumba wamezirudia kwa pete zao kwa sababu hakuna mbili zinazofanana.

Hii ilikuwa ya bibi mmoja wa Mumbai. Mjukuu wake anataka kumvisha mchumba wake, ila ukingoni jiwe limemeguka kidogo. Kazi ya Mavjibhai ni kuondoa pengo hilo tu, asiguse kingine.

"Limekatwa kombo," anasema, akiliinua kwenye taa. "Uso huu mpana, wa pili wake mwembamba. Mkono unaniwasha niunyooshe. Na nikiunyoosha, nimekwisha."

Hapa Varachha, mjini Surat, fundi hufunzwa tangu ujana kwamba nyuso zisizolingana ni aibu yake. Mwaka jana Jerambhai, aliyekaa meza hiihii, alipewa jiwe la aina hii. Akaliondoa pengo vizuri. Kisha, kwa moyo mweupe, akasawazisha na nyuso zilizobaki, bila kuambiwa, akingoja kupongezwa. Jiwe likatoka limenyooka, zuri, na la kawaida kabisa. Mwenye jiwe alipolipokea alilia.

Sikukuu ya Diwali ilikuwa imekaribia, kama sasa. Wakati huo karakana zote hufungwa, na mafundi hurudi vijijini kwao Saurashtra. Kwa Vashrambhai, mwenye karakana hii, anayetakiwa kurudi huacha kishikio chake cha jiwe mezani. Asiyetakiwa huambiwa akichukue. Jerambhai aliambiwa achukue.

Karakana inafungwa leo jioni. Kazi imekuwa haba tangu almasi za kutengenezwa mashineni ziingie sokoni. Mavjibhai aliyekuwa akipata rupia elfu ishirini na tano kwa mwezi, sasa akifikisha elfu kumi na nne anashukuru. Macho nayo si yale ya zamani. Ameshawaona vijana wawili wakija kuulizia kiti chake.

Hatimaye analigusisha jiwe kwenye gurudumu, analiinua, analitazama. Analigusisha tena. Laljibhai, jirani yake wa mezani, anashindwa kunyamaza.

"Mavjibhai, unasugua jiwe au unabembeleza bibi harusi?"

"Bibi harusi akinuna nitamwomba radhi. Hili nitaliomba nini?"

Meza nzima inacheka. Yeye hacheki. Shati limemganda mgongoni, na mara mbili anaizima mashine ili alikague jiwe upya kwa lenzi. Pengo linapotoweka, ule uso mwembamba uko palepale, umepinda vilevile, na kidole chake bado kinautamani. Analifunga jiwe katika karatasi upesi na kuikalia mpaka mchana.

Navnitbhai, sonara aliyelileta jiwe, analipeleka dirishani. Analigeuza na kuligeuza, muda mrefu mno kwa mtu anayesubiri.

"Pengo lilikuwa upande gani?" anauliza.

"Tajiri, kama wewe hulioni, mimi nimeshalisahau."

Sonara anaguna, anatia karatasi mfukoni na kushuka ngazi. Vashrambhai yuko kwenye simu. Anawapungia mkono mafundi wote kwa pamoja, kila la heri na Diwali njema, na kwa Mavjibhai hasemi chukua wala acha.

Mavjibhai anafuta meza polepole kuliko wenzake, pengine ataitwa. Haitwi. Anakishika kishikio, kimelainika kwa miaka ya kiganja chake, anakitia kwenye mfuko. Anafika mlangoni, anarudi.

Mkewe, Savita, anamsubiri na mizigo kwenye stendi ya mabasi ya kwenda kwao Amreli. Kabla ya salamu anaupapasa mfuko wa mumewe.

"Baba Hetal, kishikio kiko wapi? Amekwambia ukiache?"

"Hajaniambia kitu."

"Sasa?"

"Nimekiacha mezani, mbele ya kiti changu. Kama hanitaki, anipigie simu nikakichukue."

Savita anamtazama, kisha anamwomba simu, anaizima, na kuitia ndani kabisa ya kikapu, chini ya peremende za watoto.